Namba saba anasema amepona, lakini anageuka kwa mguu mmoja

KochaWaMteremko
Jumanne, saa 3:40 usiku

Mulembe wakuu. Nafunza timu ya kina dada huku Vihiga, ligi ya chini kabisa, ile ambayo refa akichelewa mnachanga pesa za boda ya kumleta. Uwanja wetu ni wa shule ya msingi na umeinama. Kona ya upande wa bondeni ikipita kila mtu, mpira mnaufuata kwenye migomba ya wenyewe. Ndiyo asili ya jina langu hapa. Swali langu ni la goti moja tu, ila nitaanzia mbali kidogo, mnivumilie.

Mazoezi ya kujiandaa na ligi tulianza wiki mbili zilizopita. Walikuja wasichana 31. Nitabaki na 20, na hesabu hiyo haitoki kwenye kanuni yoyote, inatoka kwenye nauli: matatu moja ya watu 14 na gari ndogo mbili aina ya Probox, mimi na msaidizi wangu tukijibana humo humo. Kumi na mmoja lazima niwaambie pole, na kila mmoja wao ana mama ninayekutana naye sokoni Chavakali.

Siku ya kwanza hatukugusa mpira. Niliwakimbiza zile mbio za bipu. Kwa asiyezijua: unapima mita 20, unaweka koni kila upande (zetu ni chupa za mafuta ya kupikia zilizojazwa mchanga), spika inalia, unakimbia ufike ng'ambo kabla haijalia tena. Mwendo unaanza kilomita 8.5 kwa saa na kuongezeka nusu kilomita kila dakika, hadi mtu ashindwe. Spika niliazima kwa kijana anayekodisha vyombo vya matanga. Kabla ya bipu ya kwanza ikapiga wimbo wa kuaga jeneza. Wasichana walicheka hadi nikangoja dakika tano ndipo tuanze.

Sasa, namba saba. Sitamtaja jina, ana miaka 19 na watu wa huku wanamjua. Ni winga wa kulia. Aliumia goti la kushoto mwezi wa pili akichezea timu nyingine, akakaa nje, sasa ni miezi mitano. Alikuja na njumu zimeoshwa, akaniambia, "Kocha, nimepona kabisa." Kwenye bipu akawa wa tatu kati ya 31. Msaidizi wangu akaandika jina lake juu ya karatasi, akapiga mstari chini.

Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha na murram ilikuwa laini. Saba alikimbia kwenye njia ya mwisho kabisa, karibu na mwembe, peke yake. Wenzake walipoenda kunywa maji, mimi nikaenda kuokota chupa. Nikaangalia chini. Pale anapogeukia, upande wa mwembe na upande wa lango, meno ya njumu ya kulia yalikuwa yamechimba udongo kama jembe. Ya kushoto hayakuwepo. Kwenye njia za wengine miguu yote miwili imeandika.

Kesho yake nikarudia zoezi kwa kisingizio kwamba spika ilikata, nikasimama mstarini mwake. Bipu ikimkuta mguu wa kushoto ndio uko mbele, anaongeza vihatua viwili vya haraka, kama mtu anayetafuta ngazi gizani, ili wa kulia ndio ufunge breki. Anafanya upesi sana. Ukiwa umbali wa mita kumi huoni kitu.

Halafu jambo lililoninyima usingizi. Kwenye mechi ya wanne kwa wanne alifunga mawili, yote kwa kuingia ndani kutoka kulia. Msaidizi wangu alifurahi: "Ameongeza ujanja, anaingia ndani kama wa Ulaya." Lakini mimi nilimwona huyu mtoto tangu akiwa kidato cha pili. Silaha yake ilikuwa kumpita beki nje na kufuata chaki. Kutoka nje upande wa kulia unakanyagia mguu wa kushoto ndipo ujisukume. Kuingia ndani unajisukuma na wa kulia. Nimehesabu siku tatu: hajatoka nje hata mara moja.

Basi niambieni. Nina mchezaji mwenye pumzi, mwenye mabao, anayesema hana maumivu. Mfadhili wetu mwenye duka la mabati anamtaka, na Jumamosi ya wiki ijayo tuna mechi ya kirafiki. Nitajuaje kama goti ni zima na kinachobaki ni woga, au kuna kitu bado? Mashine sina. Nina simu, filimbi na chupa za mchanga. Na nikimweka kwenye ishirini, ninamnyima nafasi mzima.


Kondele_Boy85
Jumanne, saa 4:02 usiku

Kocha, unahesabu alama za njumu kama mbwa wa polisi 😂. Mtoto amefunga mawili, unataka nini tena? Mchueni na ile dawa ya kijani inayowasha, bandeji juu, aingie. Sisi hapa Kisumu tulicheza goti likiwa limefura kama embe na hakuna aliyekufa. Barafu kama mnataka, panda mapema uje ununue Dunga kwa wauza samaki, mfuko mzima unatosha timu.


MzeeWaLangaLanga
Jumatano, saa 11:50 asubuhi

Kijana wangu, umefanya vizuri kuangalia chini. Makocha wengi huangalia saa.

Nimefunza vijana Nakuru tangu 1994, na makosa ninayoyajua ni yale niliyoyafanya mwenyewe. La kwanza: vipimo vya wiki ya kwanza hupima nani alikula jana. Msichana aliyekuja na strungi tupu, chai isiyo na maziwa, tumboni hatashindana na aliyekunywa uji na ndizi, na wewe utaandika kwamba huyu hana pumzi. Nunua unga wa wimbi, wapikie wote, uwapime tena siku ya tatu na siku ya kumi. Mpangilio wa karatasi utabadilika, utashangaa.

La pili: mwinuko. Mwaka mmoja alikuja kwetu kijana kutoka Kisumu. Kisumu ni kama mita 1,130 juu ya bahari, sisi Nakuru tuko 1,850. Siku ya pili nikawapandisha Menengai, mlima wetu, akabaki nyuma akihema kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi. Nikamwambia arudi kwao. Sikumpa hata wiki mbili mwili uzoee. Msimu uleule alitufunga, na baada ya bao alikuja akanisalimia kwa heshima kubwa, jambo lililoniuma kuliko bao lenyewe. Kwa hivyo kama una waliotoka Kisumu na waliokulia milimani huko kwenu, usiwalinganishe siku ya kwanza.

La tatu ndilo lako. Sisi tuliowaona Ulinzi Stars wakibeba ligi 2003, 2004 na 2005 mfululizo tulidhani siri yote ni mbio za asubuhi. Tukawaua vijana kwa mlima. Nilikuwa na beki aliyetoka kwenye jeraha la goti, akapanda Menengai wa pili. Nikashangilia. Wakati wa kushuka akatokea wa mwisho, anatembea upandeupande kama kaa. Kupanda hakumfichui mtu mwenye goti bovu, maana paja linasukuma tu. Kushuka ndiko kunakodai goti lipokee uzito na kuuzuia. Wewe una mteremko uwanjani kwako, Mungu amekupa mashine. Mwambie ashuke polepole, na usimwambie unatafuta nini.

Na huyo wa Kondele mwambie kuhusu Ronaldo, yule wa Brazil. Alipasuliwa goti mwishoni mwa 1999. Aprili 2000 wakamrudisha, Inter na Lazio, fainali ya kombe la Italia. Aliingia kama mchezaji wa akiba, akacheza dakika kama saba, akapiga chenga bila kuguswa na mtu, goti likakatika tena. Alikuwa na madaktari wote ambao pesa inaweza kununua.


KochaWaMteremko
Jumatano, saa 1:15 asubuhi

Shikamoo mzee. Asante sana, ila mimi si kijana, ni mama wa watoto wawili 😄. Uji nimeuelewa. Kushuka nitajaribu leo jioni.


MzeeWaLangaLanga
Jumatano, saa 1:31 asubuhi

Marahaba binti yangu. Unisamehe, macho yangu yalisoma "kocha" yakamaliza yenyewe.


Fizio_Bukhungu
Jumatano, saa 7:20 mchana

Madam kocha, mimi ni mtaalamu wa viungo Kakamega, na kabla hujampima chochote naomba unijibu mambo manne. Muulize yeye, na kama kuna aliyekuwepo siku ile umuulize pia.

Siku alipoumia, aligongwa au alikuwa peke yake? Alisikia kitu kama mlio ndani ya goti, "po"? Goti lilifura baada ya muda gani: saa moja au mbili, au asubuhi yake? Na tangu hapo limewahi kumwachilia, yaani anatembea tu kisha goti linateleza kama limekosa bawaba?

Nauliza kwa sababu umeandika "aliumia goti" na hukuandika aliumia nini ndani ya goti. Huwezi kupima kupona kwa jeraha ambalo halina jina. Misuli iliyovutika, gegedu (ule mto laini kati ya mifupa) iliyochanika na kano iliyokatika zote huku kwetu zinaitwa "goti", zote hupoa maumivu baada ya wiki kadhaa, na kila moja ina saa yake.

Ninachohofia ni kano ya mbele ya goti, ile watangazaji wa mpira huita ACL. Kazi yake ni kuzuia mfupa wa ugoko usiteleze mbele na usijizungushe unapofunga breki na kugeuka. Kukimbia moja kwa moja haihitajiki sana. Ndiyo maana mtu asiye nayo anaweza kuwa wa tatu kwenye bipu. Na kwa wanawake wanaocheza kandanda kano hii hukatika mara 2 au 3 zaidi ya wanaume, kwa hivyo kwenye timu yako lazima iwe ya kwanza kushukiwa.

Vipimo vya futi vipo. Unachukua futi ya fundi cherehani, anaruka kwa mguu mmoja mbali awezavyo na kutua kwa mguu uleule akiwa imara, mara tatu kila mguu. Unagawanya ule ulioumia kwa ule mzima. Chini ya asilimia 90 hajawa tayari. Pia pima unene wa paja, sentimita 10 juu ya pia ya goti, miguu yote miwili. LAKINI: kuruka huku ni kwa mtu ambaye jeraha lake linajulikana na ametibiwa, yuko mwishoni mwa safari. Usimrushe namba saba kabla hajapimwa na mtu. Kama kano haipo, mruko mmoja mbaya unaweza kuponda gegedu, na hiyo ni hasara juu ya hasara.

Kaka wa Kondele, ile dawa ya kijani inawasha ngozi, na ngozi ikiwasha ubongo unasahau goti kwa nusu saa. Haijaunga kano ya mtu yeyote.


Kondele_Boy85
Jumatano, saa 7:44 mchana

Sawa daktari. Mimi nilikuwa nachangamsha baraza.


KochaWaMteremko
Jumatano, saa 4:05 usiku

Daktari, naanza na kukiri. Nilisoma ujumbe wako nikiwa kwenye boda, nikafika pale pa futi na cherehani, mtandao ukakata. Nikakimbilia kwa fundi wangu. Ile "LAKINI" nimeisoma usiku huu, jasho likanitoka. Nilishamrusha.

Hajaumia, namshukuru Mungu. Mguu wa kulia ulio bora sentimita 142. Wa kushoto 118. Nimepiga hesabu, ni asilimia 83. Mara ya kwanza ya kushoto ilikuwa 125, lakini alipotua goti lilipinda kwa ndani na mikono ikapaa kama ya mtu anayevuka mto juu ya gogo, kwa hivyo sikuihesabu. Paja la kulia sentimita 48, la kushoto 45 na nusu. Miezi mitano yote hiyo, na kwa macho mimi niliona mapaja sawa.

Mteremko wa mzee nao umesema. Aliposhuka nilimwambia ahesabu hatua kwa sauti ili asifikirie mguu. Hesabu yake ilikuwa na mdundo wa kuchechemea: moja-mbili... tatu-nne... tano-sita...

Sasa maswali yako. Nilimwita kando tukakaa kwenye mizizi ya mwembe. Hakugongwa. Alikuwa anakimbiza mpira, akafunga breki ageuke, "goti likaenda na njia yake." Mlio alisikia, na kipa wao aliyekuwa mbali kidogo anasema naye aliusikia, akadhani ni kijiti. Lilifura kabla mechi haijaisha. Siku iliyofuata walimpeleka zahanati, akapigwa eksirei, wakaambiwa hakuna mfupa uliovunjika. Basi kila mtu akaelewa kwamba hakuna kitu. Nyanya yake akamwita mama mmoja anayechua mifupa, akachuliwa wiki tatu, maumivu yakaisha.

Na limewahi kumwachilia. Mara nne. Alinyamaza sana kabla hajasema hiyo nne. Mara moja ni akiwa na mtungi wa maji kichwani.


Dada_wa_Benchi
Alhamisi, saa 12:30 asubuhi

Madam, usimkasirikie kwa kuficha. Mimi nilicheza hapa Kisumu miaka sita na nilificha kifundo cha mguu msimu mzima. Siku kocha akiuliza "umepona?", masikio yako yanasikia "unataka kubaki?" Nani atajibu hapana? Kubaki maana yake ni chai ya baada ya mazoezi, jezi, nauli inayobaki shilingi kadhaa unampa mama chumvi. Na nyumbani ukisema mguu unauma, wanakwambia basi achana na mpira uje shambani, kana kwamba shamba halina mguu.

Usimuulize mchezaji kama amepona. Muulize anashukaje matatu. Mimi nilikuwa nashuka kinyumenyume nikijifanya nabeba mzigo. Muulize anachuchumaaje chooni. Muulize analala na mto wapi. Hapo mtu anajibu kabla hajakumbuka kudanganya.

Na ile mara nne aliyokuambia, huenda ni nyingi zaidi. Lakini amekuambia. Mimi sikumwambia mtu yeyote hadi leo kwenye baraza la watu nisiowajua.


Fizio_Bukhungu
Alhamisi, saa 7:05 mchana

Madam, usijilaumu kwa mruko, ila usirudie.

Majibu yako yanakaa sehemu moja. Kugeuka bila kugongwa, mlio, kufura ndani ya saa mbili, kuachilia. Goti linalofura haraka hivyo mara nyingi limejaa damu, na damu ndani ya goti baada ya kugeuka, hiyo kano ndiyo mshukiwa wa kwanza. Sijamshika mguu, kwa hivyo sisemi kwa hakika ni kano hiyo. Nasema apelekwe kwa fizio au daktari wa mifupa wiki hii, na asiguse mazoezi ya kugeuka hadi hapo. Eksirei inaonyesha mifupa, kano haionekani humo. Waliomwambia hakuna mfupa uliovunjika walisema kweli, ila hilo halikuwa swali.

Mama anayechua simtukani. Anachua misuli iliyokaza, na hilo husaidia. Maumivu yangeisha hata bila yeye, na hapo ndipo mtego ulipo.

Kuhusu asilimia 83: huenda hata ni nzuri kupita ukweli. Miezi mitano bila mazoezi, mguu mzima nao umedhoofika, kwa hivyo unalinganisha mgonjwa na mgonjwa mwenzake.

Ikithibitika, kuna njia mbili. Wapo wanaoishi bila kano hiyo kwa kujenga paja na kuachana na michezo ya kugeuka. Anayetaka kurudi kwenye soka mara nyingi hufanyiwa upasuaji, kisha asirudi mechini kabla ya miezi 9. Kuna utafiti wa Norway na Marekani uliochapishwa 2016 ulioona kwamba kila mwezi wa kusubiri, hadi huo wa 9, ulipunguza kuumia upya kwa karibu nusu. Miezi mitano ya kukaa bila matibabu haihesabiki humo. Saa yake bado haijaanza kusoma. Angalieni kama usajili wake wa SHA, bima ya afya ya serikali, uko sawa kabla hamjaenda.

Na hao wengine thelathini: kuna mazoezi ya kupasha mwili yanayoitwa FIFA 11+, dakika 20, hayahitaji kifaa chochote, ni mbio, miruko na lile la kupiga magoti mwenzako akushike vifundo uanguke mbele polepole. Yalijaribiwa kwa wasichana wa Norway, matokeo yakatoka 2008, majeraha mabaya yalipungua karibu nusu. Yafanyeni badala ya kuzunguka uwanja mara kumi.


MzeeWaLangaLanga
Alhamisi, saa 2:10 usiku

Binti yangu, kuhusu nafasi ya ishirini. Hilo hakuna daktari atakayekujibu. Mimi yule wa Kisumu nilimwacha kwa sababu karatasi ilisema. Uamuzi wako utafanya huku ukimwangalia usoni, nami sitakuambia ni upi.


Kondele_Boy85
Alhamisi, saa 2:25 usiku

Kocha tunangoja habari. Na mimi goti langu lile la embe limeanza kulia ngazini, nimeamua niende lishikwe.


KochaWaMteremko
Jumatatu, siku kumi na moja baadaye, saa 3:00 usiku

Nimerudi. Samahani kwa kukaa kimya, tulikuwa na mechi ya kirafiki na matanga mawili.

Tulimpeleka kwa fizio, mimi na mama yake. Akalazwa chali, goti limekunjwa kidogo tu, yule fizio akashika paja kwa mkono mmoja na ugoko kwa mwingine, akauvuta mbele. Mguu wa kulia ulikwenda kidogo ukagota, tap, hata mimi niliuona ukigota. Wa kushoto ulikwenda. Ukaendelea kwenda, kama droo ambayo mtu aling'oa kile kijiti cha kuizuia. Fizio hakusema kitu. Alirudia ule wa kulia, akarudia wa kushoto, na Saba mwenyewe akainua kichwa akaangalia goti lake kana kwamba ni la mtu mwingine.

Ameandikiwa picha ya MRI, ile inayoonyesha hata kano, na kuonana na daktari wa mifupa. Bei ya hiyo picha imetuzidi kwa sasa, tunachanga; mwenye mabati alinuna siku mbili kisha akatoa fungu la kwanza. Hadi hapo ana mazoezi ya paja nyumbani, ya polepole, kuketi ukutani bila kiti na mengine, na mama yake anamhesabia.

Mechi ya kirafiki tulifungwa tatu bila. Winga niliyemweka alipotezwa kabisa na msaidizi wangu akaniangalia kila baada ya bao. Sikumjibu.

Bipu nimezirudia mara mbili kama mzee alivyosema, baada ya uji. Wawili niliokuwa nimewakata wamepanda hadi nafasi ya saba na ya kumi na mbili. Mmoja wao alikuwa anatembea kilomita nyingi kuja uwanjani, mimi nampima amechoka. Nimemrudisha, nikamwomba radhi mbele ya wenzake.

Dada wa Benchi, nimewauliza wote wanashukaje matatu. Walicheka, wakajibu. Nimepata kifundo kimoja na nyonga moja ambazo sikuzijua.

Ishirini nimewatangaza Ijumaa. Saba ni wa ishirini. Msaidizi anasema nimepoteza kiti cha Probox, na huenda ni kweli. Nilimpa kazi: anashika daftari la bipu, anaita majina, anaweka chupa. Siku mbili za kwanza alifanya kwa kununa. Leo asubuhi, baada ya mvua, wengine wameenda kunywa maji, nikamwona ameinama kule kwenye mwembe, daftari kwapani, anatembea polepole kutoka mstari hadi mstari.

"Kocha," akaniita, "njoo uone njia ya namba kumi na nne."

Nikaenda. Ilikuwa njumu ya kushoto tu, pande zote mbili.